Wenyeheri wanne wa Baraka na Fizi: walifia imani au walikufa katika vita vya siasa?

Mwalimu_Kipaimara_Kgm

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Nafundisha kipaimara hapa Kigoma. Darasani nina vijana ambao wazazi wao walivuka ziwa kutoka Fizi na Baraka, na ndio walioniletea kadi ndogo ya sala yenye sura za watu wanne: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert. Walitangazwa wenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu, huko Uvira, Kongo, tarehe 18 Agosti 2024. Nikaona ni nafasi nzuri, nikaanza kuwasimulia wengine. Sijafika mbali, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, si walikufa kwa sababu ni Wazungu na kulikuwa na vita? Mtu akipigwa risasi vitani anaitwaje mfiadini?"

Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Swali lake ni la haki na sitaki kulifunika kwa maneno ya kanisani. Mwenyeheri Anuarite, yule sista wa Kongo, namweza, mambo yake yako wazi. Hawa wanne sina cha kushika zaidi ya kadi. Na huyu wa nne, Joubert, vijana wa Baraka wanasema ni Mkongo. Jina la Kifaransa limetoka wapi?

Mwenye kuwafahamu anisaidie.

---

Katekista_Ujiji

Milele, amina.

Mwalimu, kwa kifupi. Watatu wa kwanza ni Waitaliano wa shirika la Wasaveri, lile lililoanzishwa Parma na Mtakatifu Guido Maria Conforti. Carrara na Didonè walikuwa mapadre, Faccin alikuwa bruda. Joubert alikuwa padre wa jimbo, mzaliwa wa Kongo. Wote wanne waliuawa siku moja, 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba: wawili Baraka, wawili Fizi. Misa ya kuwatangaza iliongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, na siku hiyohiyo Papa Fransisko aliwataja kwenye sala ya Malaika wa Bwana kule Roma.

Mengine waulize watu wa huko. Humu wapo.

---

MwanaUbwari

Milele, amina. Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mtu wa Baraka, sasa naishi Bujumbura.

Nilizaliwa baada ya mambo hayo, lakini nimelelewa na watu walioyaona. Baba yangu mwaka 1964 alikuwa mtoto wa shule ya misioni. Kaka yake mama alikuwa Simba. Natanguliza hilo ili ujue nimesimama wapi ninapoongea. Mtu akiniambia wale waasi walikuwa mashetani, namkatalia, kwa sababu mmoja wao alinipakata. Akiniambia wale mapadiri walikuwa mabeberu waliovaa kanzu, namkatalia vilevile, kwa sababu baba yangu alijifunza kusoma kwao.

Kijana wako asimuliwe vita vyenyewe kwanza, maana bila hivyo hataelewa kitu. Kongo ilipata uhuru Juni 1960. Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, akauawa. Watu wa vijijini waliokuwa wameahidiwa kila kitu wakajikuta mikono mitupu, huku wakubwa wapya wakipanda magari ya wakubwa wa zamani. Mwaka 1964 Pierre Mulele akawasha moto Kwilu, upande wa magharibi, na kwetu mashariki watu wa Gaston Soumialot wakaingia wakihubiri uhuru wa pili. Uvira ikaanguka mwezi Mei. Wabembe, wenyeji wa Fizi na Baraka, walijiunga kwa wingi. Vijana walimwagiwa maji ya dawa, wakaenda mbele wakipiga kelele "Mai Mulele!" wakiamini risasi zitageuka maji. Mjomba alikuwa na miaka kumi na kitu. Hakwenda kupigana na Mungu. Alikwenda kwa sababu ya ile ahadi iliyokufa.

Sasa waweke Wasaveri hapo katikati. Hawakuwa wakongwe kwetu. Shirika lao lilikuwa limepeleka nguvu zake China, serikali ya kikomunisti ikawafukuza, ndipo wakatafuta nchi nyingine za kuhubiri. Kongo walifika 1958. Jimbo la Uvira lilianzishwa 1962 na mmoja wao, Danilo Catarzi, ndiye askofu wake wa kwanza. Kwa hiyo mwaka 1964 misioni za Baraka na Fizi zilikuwa changa, na waliozihudumia walikuwa vijana. Carrara miaka 31. Bruda Faccin miaka 30. Didonè miaka 34. Ukiwaonyesha wanafunzi wako zile sura, waambie na umri. Picha za watakatifu huwazeesha watu.

Nije kwenye siku yenyewe. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakiletwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, makao makuu ya waasi. Kuanzia hapo kila Mzungu aliyebaki mikononi mwa Simba alihesabiwa kuwa mtu wa upande wa pili. Hili kijana wako amelisema sawa, usimpinge.

Siku nne baadaye, tarehe 28, ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na padiri Luigi alikuwa kanisani Baraka anaungamisha. Likaja gari la waasi wakiongozwa na kamanda Abedi Masanga, likasimama mbele ya misioni. Bruda Vittorio ndiye waliyemkuta nje. Wakamwamuru apande gari. Akakataa. Wakampiga risasi palepale. Padiri Luigi akasikia mlio, akaacha maungamo, akatoka. Naye akaamriwa apande. Mbele yake yupo ndugu yake amelala chini. Akakataa kupanda, akapiga magoti kando ya ule mwili, wakamuua hapo.

Mwalimu, hapo ndipo ningekaa na wanafunzi wako muda mrefu. Watu wengi wakisoma habari hii wanatazama bunduki. Mimi natazama yale magoti. Kama ni vita tu, mtu anayetishwa na bunduki hupanda gari, kwa sababu garini bado kuna tumaini la kuishi, la kubadilishwa na mateka wengine, la kusema neno kwa mkubwa fulani. Alikuwa na nafasi ya kujaribu bahati yake. Akachagua kufa pale, kando ya bruda, mbele ya kanisa ambamo waungamaji walikuwa bado wanamsubiri.

Kisha gari likapanda milimani kwenda Fizi, kama kilomita 35 kutoka Baraka. Jioni hiyohiyo, kwenye misioni ya Fizi, wakamuua padiri Giovanni Didonè na padiri Albert Joubert.

Kuhusu Joubert nitaandika peke yake, maana naona watu wanamfanya mkia wa orodha na jambo hilo linaniuma tangu 2024. Niruhusu nile kwanza.

---

Msomaji_Huru

Asante MwanaUbwari kwa kuandika bila kuficha. Lakini bado naona kijana wa mwalimu ana hoja. Wewe mwenyewe umesema baada ya Stanleyville kila Mzungu alikuwa adui. Basi waliuawa kwa sababu ya ngozi na siasa. Kanisa linasema mfiadini ni yule aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Hapo chuki ya imani iko wapi? Na huyo Joubert, kama ni mtoto wa Mfaransa, waasi wangemhesabu Mzungu tu. Sisemi hawakuwa watu wema. Nauliza kama neno linawastahili.

---

MwanaUbwari

Msomaji_Huru, swali lako linajibika, na jibu lake ni huyo Joubert mwenyewe.

Baba yake ni Kapteni Ludovic Joubert. Alizaliwa Ufaransa 1842, akawa askari wa kujitolea katika jeshi la kumlinda Papa, akapigana Castelfidardo 1860 na Mentana 1867. Dola ya Papa ilipokwisha, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la White Fathers, alikuwa anatafuta watu wa kulinda misioni zao kwenye ziwa letu. Joubert akaja. Mwaka 1887 akakaa Mpala, ufukwe wa magharibi wa Tanganyika. Biashara ya watumwa ilikuwa bado moto wakati huo. Watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, walikuwa wanavuka na kuchoma vijiji. Kapteni akaweka silaha mikononi mwa wenyeji, akawafundisha kujilinda, na kwa miaka mingi alikuwa boma la wale waliokimbia minyororo. Mwaka 1888 akamwoa msichana wa huko, Agnes Atakaye. Hakumweka kando kama Wazungu wengine walivyofanya na wanawake wetu. Alimwoa kanisani, akakaa naye mpaka kufa kwake mwaka 1927, na hakurudi Ulaya.

Watu wa Kigoma na Karema mtaelewa haraka, kwa sababu mnamkumbuka Daktari Adrian Atiman, yule aliyekuwa mtumwa akakombolewa, akawa tabibu na katekista wa Karema. Atiman na Kapteni walitumikia misioni hizohizo zama zilezile, huyu upande wenu wa maji, yule upande wetu.

Albert ni mtoto wa nyumba hiyo. Alizaliwa 18 Oktoba 1908 huko Saint-Louis ya Mrumbi, karibu na Moba. Akasoma seminari hukohuko kwenye ziwa, akapata upadirisho 1935. Fikiria mwaka huo. Kongo nzima mapadiri weusi walikuwa wachache mno. Stefano Kaoze, wa kwanza wao, alikuwa amepadirishwa 1917, naye pia ni mtu wa pande hizohizo. Albert hakuingia shirika la Wazungu. Akawa padiri wa jimbo, pamoja na Waafrika, chini ya utaratibu wa Waafrika. Aliuawa akiwa na miaka 56, na karibu miaka 30 ya upadirisho.

Sasa nirudi kwako, ndugu yangu. Unasema wangemhesabu Mzungu. Wengine yawezekana walimhesabu hivyo, ngozi yake ilikuwa ya mchanganyiko. Lakini huyu mtu kwao ni Mrumbi. Mama yake ni mtu wa ziwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya utoto wake. Hakuwa na Ulaya ya kukimbilia. Alikutwa misioni, amevaa kanzu, pamoja na paroko wake, akauawa pamoja naye. Kitu kilichowaunganisha yeye na Didonè jioni ile hakikuwa nchi wala kabila. Kilikuwa altare.

Kuhusu chuki ya imani: Kanisa halisemi muuaji lazima awe na sababu moja tu kifuani mwake. Binadamu hachukii kwa mpangilio. Katika bunduki ile kulikuwa na hasira ya ukoloni, kulikuwa na Stanleyville, kulikuwa na pombe na bangi labda, na kulikuwa pia na chuki ya misioni kama misioni: kengele yake, sala zake, ile sauti inayomwambia mtu mwenye bunduki kwamba kuua ni dhambi. Kinachotazamwa ni hiyo sehemu ya mwisho, na tena kinatazamwa upande wa aliyeuawa: je, alikubali kufa kuliko kuiacha kazi ya Kristo? Wale wanne walikuwa na miezi tangu Mei kuona mambo yanakoelekea. Ziwa lilikuwa hapo mbele yao, na ng'ambo yake kuna Tanganyika yenye amani. Walibaki.

Na tusisahau walioanguka pembeni yao. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa Isiro na Simba haohao. Yeye hakuwa na tone la damu ya Kizungu. Hakuna anayeuliza kama ni mfiadini.

Mjomba wangu hakuwepo Baraka siku ile, alikuwa kwenye kundi lingine. Lakini alipozeeka alikuwa anakaa mbele ya kanisa wakati wa misa. Nje, haingii. Nilimuuliza mara moja kwa nini haingii. Akaniambia, "Acha watu wasali." Sijamlaumu hata siku moja, na ninamwombea kila tarehe 28 pamoja na wale wanne. Najua wapo watakaosema nachanganya. Mimi sioni namna nyingine ya kuwa mtu wa Baraka.

---

Mngoni_Songea

Nimesoma yote mawili, nashukuru sana. Yule kijana wa mwalimu angekuwa Songea angeuliza swali hilohilo kuhusu Askofu Cassian Spiss. Huyu ndiye aliyeanzisha misioni ya Peramiho 1898. Tarehe 14 Agosti 1905, mwanzoni mwa Maji Maji, aliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, pamoja na Bruda Andreas Scholzen, Bruda Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Na kule pia kulikuwa na maji ya dawa dhidi ya risasi, kama hayo ya Mulele.

Mimi nimekulia karibu na mnara wa mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Kwa hiyo kwetu ni vigumu zaidi kuliko Baraka. Spiss alikuja chini ya bendera iliyokuwa inatuchapa viboko, na babu zetu hawakuona tofauti ya kanzu na kofia ya askari. Yeye na wenzake hawajatangazwa wenyeheri mpaka leo. Naamini walikufa kama Wakristo, na naamini Songea Mbano, mmoja wa wale walionyongwa, alikufa kwa haki ya watu wake. Vijana wetu tuwafundishe yote mawili kwenye somo moja.

---

MwanaUbwari

Mngoni, nakubaliana nawe, na tofauti uliyoiona ni ya kweli. Wasaveri walifika miaka miwili tu kabla ya uhuru wetu, na waliendelea kukaa bendera ya Ubelgiji ilipokwisha shushwa. Mwaka 1964 hakuna serikali iliyokuwa nyuma ya Carrara pale Baraka. Waasi ndio walikuwa serikali.

Na baada ya kuuawa kwao shirika halikuondoka Kongo, wala halikuondoka maziwa makuu. Hapa Burundi, Septemba 1995, waliuawa Buyengero mapadiri Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert. Septemba 2014, hapa Kamenge, mtaa ninaopita kila wiki, waliuawa masista watatu Wasaveri: Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernardetta Boggian. Wote watatu walikuwa wamewahi kufanya kazi Kongo, na walikuwa wazee, watu ambao kwao wangekuwa wanapumzika. Watu wa Kamenge waliwalilia kama mama zao. Mwalimu akitaka kujua urithi wa wale wanne uko wapi, asitafute sanamu. Atazame nani aliendelea kuja baada yao.

---

Mwalimu_Kipaimara_Kgm

Nimekaa nalo tangu jana. MwanaUbwari, shikamoo baba, na Mungu akulipe. Sikuwa najua kwamba ilikuwa mkesha wa Majilio, wala kwamba Carrara alitoka kwenye maungamo. Na Joubert sasa amekuwa mtu kwangu, si jina.

Naomba jambo moja la mwisho. Nina saa moja tu ya darasa. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

---

MwanaUbwari

Marahaba, mwanangu.

Nisingeanza na Italia. Chora ziwa ubaoni, refu, kutoka Uvira juu mpaka chini. Upande wenu weka Kigoma, Ujiji, Karema. Upande wetu weka Uvira, Baraka, Fizi juu ya mlima, halafu shuka Mpala na Moba. Waite wale vijana wa Baraka waje wao waweke alama, maana wameyasikia majina hayo kwa wazazi wao na wanakaa kimya kwenye madarasa ya watu. Halafu anza na Albert wa Mrumbi na mama yake Agnes, kwa sababu ndiye aliyezaliwa kwenye maji hayo. Kutoka kwake nenda kwa paroko wake Giovanni pale Fizi. Ndipo ushuke Baraka kwa Vittorio na Luigi, siku ya Jumamosi.

Kijana aliyeuliza swali mpe yeye asome sehemu ya Stanleyville kwa sauti, ili wenzake wajue hakukosea kuuliza. Na kwenye sala ya mwisho taja majina manne kamili. Usiseme "Carrara na wenzake".

Mzazi yeyote wa Baraka au Fizi aliye hapo Kigoma na anakumbuka mwaka huo, mwombe aje asimulie mwenyewe. Wamebaki wachache. Mwandike anachosema, kwa mkono wako, na umsomee tena ahakiki kabla hujakihifadhi.